Fungu la Mchanga

Shemeji yangu,

Huku hatujambo, ila magoti yangu yamegoma kupanda ngazi, na bati la jikoni bado linavuja.

Juzi walikuja watu wa redio kuniuliza habari za siku ile tulipovamia ufuo wa adui kwa boti. Eti wasomi wanabishana kama uvamizi ule ulikuwa na maana. Nikawapa hadithi ile ile: risasi zilinyesha, na kaka alianguka mchangani akipigana. Miaka arobaini naisema. Nimechoka nayo.

Shemeji, risasi zilikuwa hazijaanza. Boti ya kina kaka niliendesha mimi. Ilikwama kwenye fungu la mchanga, mbali na ufuo, nami nikadhani ni nchi kavu, nikateremsha mlango wa mbele. Kaka alikuwa wa kwanza, na mzigo mzito mgongoni. Aligeuka akaniuliza, "Tumefika, mdogo wangu?"

"Tumefika, kaka."

Akaruka. Mbele ya fungu palikuwa na kina kirefu; maji yakamfunika, hakuibuka tena.

Wanao wananiita Nahodha, kwa heshima. Wasomee barua hii, halafu waniite wanavyotaka.

Ni mimi, mdogo wa mumeo.