Kichwa Chini

Alhamisi, Abu Hamour

Chakula kimenishinda. Nimeoga mara mbili na bado naona kinyaa.

Leo nilimpeleka madam, bosi wangu ninayemwendesha, kwa wauzaji, akamwone farasi anayetaka kumnunulia bintiye. Anamtaka wa kushindana kwa mtindo wa Kimarekani: mwendo wa pole, kichwa chini, mpandaji ametulia kama yuko kwenye kochi. Muuzaji alimpanda mwenyewe, na farasi akatembea kichwa kikikaribia kugusa magoti. Madam alifurahi sana. Eti ni mpole.

Mimi nilikuwa naangalia macho ya farasi. Yalikuwa macho ya mtu aliyetoka shifti mbili mfululizo.

Mkenya mwenzangu anayelisha farasi pale akaninong'oneza, "Hatujampa dawa ya kumlegeza, bro. Jana tulimfunga kichwa juu kwenye boriti, usiku kucha. Shingo ikichoka hivyo, leo hata umchape hainui kichwa."

Na alikuwa anacheka. Mtu wa kwetu.

Kwenye gari sikuweza kunyamaza. Nilimweleza madam yote: kamba, boriti, hiyo shingo. Nilieleza vizuri kabisa, ili asimnunue. Alinisikiliza kwa makini hadi tukafika kwake Pearl, na nikadhani roho imemuuma.

Nilipomfungulia mlango akaniuliza kwa sauti ya upole, "Na wewe unaweza kumfunga hivyo, kabla ya mashindano?"

Farasi anakuja Jumamosi.