Neno Lisilo na Mtu

4 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini goti limepoa na nyumbani hamjambo. Mimi mzima, ila usingizi umekuwa haba.

Kurasa zako mbili zimefika. Nimezigeuza ukurasa mmoja wa Kiingereza, kama fomu inavyotaka: kila mfanyakazi wa hospitali zetu asiye na cheti aeleze alivyoijua kazi yake. Maelezo yasiporidhisha, mkataba unaisha mwezi ujao.

Neno lilinisumbua. "Educated" ni la mtu aliyekaa darasani. "Trained" linadai cheti cha chuo. "Taught", yaani kufundishwa, linaleta swali: na nani? "Self-taught", aliyejifundisha, linamfanya msomaji amwone mtu anayejaribia kwenye mifupa ya wagonjwa. Basi kwa miaka yako kumi na tisa ya kuwafunga plasta waliovunjika nimetumia "acquired", yaani ujuzi umeupata. Halimtaji mtu, halimshtui mtu.

Mzee Gango, uliyeandika kwamba ndiye aliyekufundisha, nimemwondoa. Alikuwa msukuma vitanda, hakuwa na cheti, na ameshafariki. Nisamehe.

Mpwa wako

11 Machi

Marahaba mwanangu,

Goti linagombana na ngazi tu, kwenye tambarare limetulia. Mkaza mjomba wako anakusalimu na anauliza unakula nini huko.

Muuguzi wa zamu alinisomea ukurasa wako kwa Kiswahili. Nikamuuliza, Mzee yuko wapi? Akasema hayumo. Akasoma tena. Hayumo.

Miaka mitatu nilikuwa mshika miguu ya wagonjwa wake. Yeye anafunga, mimi nashika, na nikitikisika ananiambia niende kwa waashi, nikapige plasta za ukuta. Plasta ya mgonjwa ikianza kukauka ananifunga macho kwa kitambaa, nipapase nimwonyeshe palipo pembamba. Siku nilipopatia mara tatu mfululizo akasema, "Leo miguu nashika mimi."

Ndivyo nilivyoijua kazi. Haikunijia kama mafua.

Andika kwamba nilifundishwa, na umtaje aliyenifundisha. Nikiondolewa, niondolewe nikiwa na mwalimu.

Mjomba wako

19 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nafurahi goti linaendelea vizuri. Mwambie mkaza mjomba nakula, asiwe na wasiwasi.

Kuna jambo nililificha kwa woga. Fomu hizo zinakuja kwenye meza yangu. Mkuu wangu hasomi maelezo. Amenipa orodha ya maneno. "Trained" huenda trei ya kwanza, huyo anabaki. "Acquired", trei ya kati, anaitwa kwenye usaili. "Taught" bila cheti cha aliyefundisha, trei ya mwisho, na huko haitwi mtu. Juzi nilitupia humo fomu ya mpishi wa wodini aliyeandika kwamba alifundishwa na mama yake. Nilimuuliza mkuu kama tungeisoma kidogo. Akaniuliza muda wangu wa majaribio unaisha lini.

Nakuomba uliache neno langu libaki. Ukifika kwenye usaili utamtaja Mzee mpaka uchoke.

Mpwa wako

2 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumaini u mzima, maana hukunijibu.

Fomu yako imefika, kwa mwandiko wa muuguzi na saini yako. "I was taught by Mzee Gango." Niliikalia siku nne. Nilifikiri kulifuta neno, kalamu nikaishika, nikaona saini yako iko chini yake.

Leo mkuu alihesabu fomu akakuta moja imepungua. Nimeitoa. Nimeiweka trei ya mwisho kwa mkono wangu mwenyewe.

Sina la kujitetea.

Mpwa wako

23 Aprili

Marahaba mwanangu,

Sisi wazima. Barua ya kuondoka nimeipata. Ijumaa nilikabidhi mkasi na ndoo, nikaagwa kwa chai.

Usijilaumu. Ulinieleza mapema kila trei inakokwenda, nami nikachagua. Kwenye usaili ningesema, na maneno yangeishia mlangoni. Karatasi hubaki. Mzee hakuwahi kuandikwa popote pale kazini, hata kwenye orodha ya zamu aliandikwa "msukuma".

Nina swali moja tu. Fomu za trei ya mwisho, mnazitunza?

Mjomba wako

30 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nashukuru kwa barua yako, na kwa ulivyoiandika.

Hazitunzwi. Baada ya mwaka huchanwa.

Kisichochanwa ni daftari la wafanyakazi. Kila anayeondoka ana mstari wake humo, na mwishoni mwa mstari kuna nafasi ya maoni, ambayo siku zote tunaiacha wazi. Leo mchana nimelifungua na kunakili sentensi yako yote mbele ya jina lako, kwa wino, nikatia saini yangu.

Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu, sikumsikia akija. Aliuliza naandika nini.

Nikamwambia, "Naandika nani alimfundisha mjomba wangu."

Mpwa wako