Mteja wa Dada Saluni

Shoga, sikia haya! Dada amenipigia sasa hivi kutoka saluni, ananong'ona.

Alikuwa anamtengeneza mteja nywele huku wanatazama tamthilia, na mdomo wake unaujua: "Uongo mtupu! Mwanamke gani anafungiwa ndani na mumewe mwaka mzima asimwambie mtu?"

Mteja akajibu polepole, "Mimi. Leo ndiyo kanitoa, na yule pale nje kwenye gari ndiye mume wangu."

Eti "mimi"!

Mara mume akagonga. "Hamjamaliza tu?"
"Bado kidogo, shemeji," dada akamjibu.

Dada akamtoa mteja kwa mlango wa nyuma, fundi cherehani wa jirani akamkimbiza polisi. Kafika salama.

Lakini saluni polisi hawajafika, shoga. Mume bado yuko nje, na dada amewasha draya, anakausha kiti kitupu ili jamaa asikie kelele.