Siku Mbili za Kukaa Msimbati

Mume wangu Baba Somoe,

Leo binti yetu kanifukuza jikoni. Eti nisishike kitu. Basi nimekaa hapa uani, Rahaleo, Mtwara, viungo vyote vinauma, na mawazo yamenirudisha kwenye ile safari uliyozawadiwa ulipochaguliwa mfanyakazi bora wa bandari. Ngoja niseme sasa, maana ulipokuwa hai kila nikiigusa habari hiyo ulianza kukohoa na kutafuta kofia.

Zawadi yenyewe ilikuwa meli hadi Lindi na kurudi, daraja la chini kabisa, kisha siku tano kwenye nyumba ya mapumziko ya wafanyakazi, ufukweni Msimbati. Kula, kulala, hata sabuni, vyote juu ya shirika. Mie nilikuwa sijapata kula chakula ambacho sikukipika, ukitoa cha arusi na msiba, na huko nako mara nyingi nilikuwa miongoni mwa wapishi. Nikashonesha gauni kabisa.

Melini tulilala sitahani, kichwa changu juu ya gunia la korosho. Nilitapika hadi nyongo, wewe ukinishikia kopo. Tulipotia nanga Lindi wenzetu walishuka kunyoosha miguu. Wewe nikakuona katikati ya makuli, gunia begani.

"Wanapakia ovyo hawa," ukaniambia uliporudi umelowa jasho.

Nilicheka. Nikajipa moyo kwamba Msimbati utatulia.

Na kweli ulitulia, siku mbili. Jamani, siku mbili zile! Tumekaa kibarazani kwenye viti vya uvivu, mpishi anatuletea chai yenye sukari ya kutosha, wakati huku mjini sukari tunaipangia foleni na tunaikosa. Ukanimenyea machungwa. Ukanisimulia utoto wako Mpapura, mambo ambayo tangu unioe sikuwahi kuyasikia. Nikawaza, kumbe huyu mtu ana maneno! Nilitamani siku zile zisiishe.

Siku ya tatu nikaamka, kitanda kitupu. Umekwenda kwa msimamizi kuomba jembe.

"Ndugu, wewe ni mgeni," alikuambia, kapigwa na butwaa. "Kila kitu kimeshalipwa."

"Leo ya tatu," ukamjibu. "Kwetu mgeni akifikisha ya tatu anashika jembe."

Mwenzangu, ile ilikuwa nyumba ya shirika, si kwa mjomba wako! Lakini nani angekuzuia? Ukaenda kupalilia muhogo wao nyuma ya nyumba. Na mume akiwa shambani, mke atakaaje kibarazani anatazama bahari? Watu wangesemaje? Nikajifunga khanga, nikaingia jikoni.

"Dada, umefuata nini moshi huku?" mpishi akaniuliza.

Nikachukua kisu. Nikapara samaki mpaka siku ya kuondoka, na gauni langu likarudi Mtwara likinuka shombo.

Niliumia, Baba Somoe. Nilidhani umenichoka, kwamba siku mbili za kunitazama usoni zimekutosha, ukaona afadhali magugu. Nimeishi na dhana hiyo miaka na miaka. Nachota maji, ipo. Naokota kuni, ipo. Ilinichosha kuliko maji na kuni zenyewe.

Mpaka ulipougua mwaka jana, mikono ikaisha nguvu. Nilikuwa nakulisha uji. Ukafumba mdomo, ukageukia ukutani, machozi yakakutoka.

"Nakula bure, Mama Somoe," ukasema. "Siku zote hizi nakula bure tu."

Nilibaki na kijiko mkononi. Nikaikumbuka Msimbati yote, palepale, na nikakulilia. Kumbe hukuwa unanikimbia mimi. Ulikuwa unaona haya kula. Mtu aliyeuvunja mgongo wake bandarini miaka yote ile, anaona haya uji wa mkewe!

Ungeniambia kulekule, mume wangu. Ningelificha hilo jembe la watu. Ningekushika mkono, nikukalishe kwa nguvu kwenye kile kiti, nikuambie: kula, Baba Somoe, umeshabeba ya kutosha.

Mungu akutunze mpaka tuonane.

Mkeo aliyechoka,
Mama Somoe