Nyaya Nne za Ambondrona

Shemeji Soilihi,

Kwanza nakugombeza, salamu baadaye. Umekufa vibaya wewe. Homa ya siku tatu tu, hata hukunipa nafasi ya kukujibu ule utani wako kwamba mimi na darasa langu la tatu tunaweza kupima joto la uji basi. Haya, sikia: ile mashine ya kupimia nguvu za mawimbi ya redio sasa naishika mimi. Mimi Madi, mdogo wa mkeo! Mahajanga nzima hakuna anayeniweza.

Lakini nina hasira. Wiki moja baada ya kukuzika, bosi alitukusanya uani akatusomea ripoti. Vipimo vyako vya Nosy Be ni vya mtu mzembe, eti hukupigilia kigingi cha chuma, antena ikakosa kushika ardhi. Mzembe! Dada yangu alikuwa mlangoni, kaja kuchukua koti lako. Tangu siku ile koti halitundikwi, limekunjwa chini ya mto wake. Kila asubuhi ananiuliza: "Madi, kweli mume wangu alikuwa mzembe?"

Nawe sababu uliijua, hukuiandika popote. Ilikuwa Jumanne. Yule bibi mwenye kiwanja pale Ambondrona, kule Nosy Be, alituambia Jumanne kwao ardhi haitobolewi, ni mwiko. Mimi nikasema tupigilie upesi, nani ataona? Ukanitazama ile tazama yako. Ukatandaza nyaya nne juu ya mchanga kama mikono ya pweza, fimbo ya antena katikati, ukaunga betri ya ile taa ya redio iliyo kwenye kitako chake, inayoyapa mawimbi nguvu kabla hayajafika kwenye mashine. Nikasogea nichungulie sindano. Ukafoka: "Hatua kumi nyuma! Mwili wako nao ni antena, tena mbovu!" Nilinuna mpaka jioni. Nikakuambia uandike habari ya mwiko, ukasema, "Namba sahihi haihitaji wakili."

Ilihitaji, shemeji. Ona sasa.

Juzi bosi kanipeleka nikapime upya, kwa kigingi. Ilikuwa Jumatano, bibi mwenyewe akaturuhusu. Nikapigilia. Mchanga mkavu, sindano ikacheza tu, haikai. Nikaleta ile antena ya duara, isiyotaka kushika ardhi, iwe shahidi. Nikapiga hesabu yake, nikaiweka kando. Kisha nikatandaza nyaya zako nne. Sindano ikatulia, hesabu ikawa ileile ya shahidi. Nikafungua daftari lako: namba yako hiyohiyo, na alama ya kidole chako chenye grisi pembeni. Nililia mbele ya bosi, tena mzungu. Usinicheke.

Bosi akatazama, akawasha sigara. "Andika kipimo kipya. Ripoti ya zamani iache. Marehemu haoni haya."

Damu ilinichemka! Marehemu haoni haya, na mjane je?

Karatasi inajazwa na mpimaji, na mpimaji ni mimi. Nikaandika kwa wino, kwa Kifaransa changu cha kuokoteza: "Kipimo ni cha Soilihi. Nyaya nne, bila kigingi, kwa sababu ya mwiko wa wenye ardhi. Nimekirudia mimi Madi. Ni sahihi." Bosi akatia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake. Imeshakwenda Antananarivo kwa posta. Akijua atanifukuza. Anifukuze!

Nakala ya kaboni nilimpelekea dada nyumbani kwenu, Antanimasaja. Hajui kusoma, akataka tu nimwonyeshe jina lako liko wapi. Akaliwekea kidole. Leo koti limerudi kwenye msumari.

Basi lala, shemeji, Mungu akupanulie nafasi. Nakuahidi sitatoboa ardhi ya mtu bila kuuliza, kazi ninayo au sina. Na mwanao akija kuchungulia sindano, nitamfokea kwa maneno yako yaleyale.

Leo asubuhi nilikuja kaburini kwako. Nikajikuta nimesimama mbali, hatua kumi kamili. Nikacheka peke yangu, nikasogea.

Madi