Siri ya kikapu cha Mama Cherono

Ijumaa. Mvua imeamka kabla yangu, na matope yako hadi mlangoni.

Wacha nikiri mwenyewe kabla sijasemwa. Leo nimechechemea njia nzima kwenda kituo cha majani chai, na miguu yangu ni mizima kabisa.

Sababu ninayo. Mimi ni mtu wa ziwani; chai nilikuwa naijua ikiwa kwenye kikombe. Na ni mimi niliyemsumbua mume wangu, Baba Otis, mpaka tukanunua hii nusu ekari hapa nje ya Kapkatet. Wiki hii karani wa kituo amenirudishia majani mara mbili, ati yameungua, yamekuwa mekundu. Baba Otis akasema yakirudi tena, anang'oa chai yote apande mikaratusi.

Na huyo mzee akisema, anafanya.

Sasa, jirani yangu Mama Cherono hajawahi kurudishiwa hata jani moja. Kumuuliza niliona aibu. Nikaamua kumwiga. Alipochuma, nikachuma. Kitambaa cha kichwa nikafunga kama chake. Akaondoka na kikapu mgongoni polepole, ameegemea kushoto, anapumzika kila kona. Nikasema ahaa, kumbe majani hayataki kutikiswa! Nikamfuata hivyo hivyo, nimeegemea kushoto.

Kona ya tatu akageuka.

"Mama Otis, mbona unanicheka na goti linaniuma?"

Woi! Aliteleza juzi akikimbiza ndama.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamweleza yote, mpaka ya mikaratusi. Akachungulia kikapu changu, akacheka mpaka akakaa kwenye nyasi yenye maji.

"Wewe unashindilia majani kama nguo za safari! Yakibanwa yanapata joto, yanaungua. Wacha yapumue."

Akanisaidia kuyalegeza, yaliyozidi tukayabeba kwenye leso yangu. Kituoni karani akaingiza mkono, akanusa, akapima, akaandika kilo zangu. Chai yangu imepona. Nililia pale pale mbele ya watu, na sijali.

Sasa ni jioni, niko mlangoni. Namwona Nyaboke wa kule chini, ambaye pia alirudishiwa majani juzi. Asubuhi alikuwa nyuma yetu njiani. Anapanda kilima na kikapu chake, polepole, ameegemea kushoto.

Naenda kumwambia. Lakini wacha kwanza afike kona ya tatu.