Shairi la Pasaka la Kezia

Saint Paul, Minnesota, 9 Aprili 2018

Kaka Lemuel,

"Mtoto anayejua Kichina lakini hawezi kusoma mistari minne ya shairi la Pasaka hajafundishwa, amepotezwa." Hayo ni maneno yako, uliyoyasema kwenye ngazi za kanisa, kofia mkononi, nusu ya Macon ikisikiliza. Salamu zitafuata. Kwanza nikujibu.

Mwanangu Kezia hajapotezwa. Yuko darasa la kwanza katika shule ya umma inayojiendesha kwa mkataba wake, ambako kila kitu, toka hesabu hadi kuambiwa ukanawe mikono, ni kwa Kichina, na kusoma Kiingereza huanza darasa la pili. Wewe ulimpa karatasi ambayo hajafundishwa kuisoma, ukamsimamisha mbele ya waumini, akanyamaza, kisha ukailaumu shule. Mezani kwake darasani kuna msichana wa Kihmong, wale watu wa milima ya Laos, mvulana wa Kisomali na mtoto wa Kizungu anayelia kila Jumatatu, na wote wanne hugombana kwa Kichina. Uliona wapi watoto kama hao wakianza mbio kwenye mstari mmoja, hakuna aliyezaliwa mbele ya mwenzake? Mimi sijaona kwingine. Nitajie.

Sisi hatujambo, theluji bado ipo. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Mwambie asipande ngazi.

Mdogo wako,
Odessa

Macon, 2 Mei 2018

Dessa mpendwa,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mama hajambo ila magoti, na ngazi anapanda, nani atamzuia?

Umenichapa na nimechapika. Lakini babu yetu alikufa akiweka alama ya msalaba palipotakiwa jina lake. Waliomtangulia, enzi za utumwa, walipigwa viboko kwa kukutwa na kitabu, na hakikuwa kitabu cha Kichina. Nikimsikia Kezia akihesabu kwa lugha ile nafurahi, naapa. Kisha namwona tena na gauni lake la njano, karatasi mkononi, mdomo wazi, hakuna kinachotoka. Mama hajalitaja jambo hilo hadi leo, na unamjua Mama akinyamaza.

Mtoe, mdogo wangu. Mpeleke shule ya jirani akasome kama wenzake. Ukinibishia nitakuombea, na unajua sala zangu zilivyo ndefu.

Kaka yako,
Lemuel

Saint Paul, 21 Oktoba 2018

Kaka Lemuel,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Sisi tu wazima wa mwili. Nilikaa kimya kwa sababu ulikuwa umeanza kunishinda. Kezia yuko darasa la pili, na hata maandishi ya ubavuni mwa basi la shule yanampiga chenga. Nikaamua kumtoa, nikijua kwamba akitoka harudi. Baada ya darasa la kwanza mlango hufungwa, maana mgeni hawezi tena kuwafikia wenzake.

Nikaenda kumweleza mwalimu wake, Bi Shen. Kosa langu ni kwamba nilikwenda na Kezia. Shule ile ina mwiko: mwalimu wa Kichina hasemi Kiingereza mbele ya mwanafunzi, na watoto wanaamini kabisa hajui hata neno moja. Kezia humwonea huruma, ameniahidi atamfundisha akikua. Basi Bi Shen, aliyesoma chuo kikuu hapa hapa Minnesota, akanitazama, akatabasamu, akafunga mdomo. Kezia akajitwika ukalimani.

Nikasema, "Mwambie mwalimu tunakuhamisha, kwa sababu husomi."

Lemuel, mtoto alinitazama. Akashika ncha ya msuko wake, akamgeukia mwalimu, akasema Kichina taratibu, maneno mengi kuliko yangu. Bi Shen akasikiliza hadi mwisho, akajibu kwa ufupi.

"Anasemaje?"

"Anasema sawa."

Jioni Kezia akiwa bafuni, simu ikalia. Bi Shen, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu na chako.

"Bi Stovall, unajua mwanao aliniambia nini? Alisema, 'Mama anataka nisome shairi refu mbele ya Mjomba Pasaka ijayo, halafu nibaki hapa. Anaomba unisaidie.' Nikamjibu sawa. Lakini nilikusikia na wewe. Sasa nifuate la nani?"

Nimemwambia afuate la mtoto. Haya, nibishie.

Mdogo wako,
Odessa

Macon, 11 Novemba 2018

Dessa,

Hatujambo, Mama anakusalimu. Nilipomsomea barua yako alicheka hadi miwani ikamdondoka, akasema, "Huo ni uongo wa ukoo wetu kabisa." Mimi ni msimamizi wa shule ya Jumapili, siwezi kuusifu uongo, wala sijashawishika. Lakini kila Jumamosi Kezia ampigie bibi yake amsomee. Mimi nitakaa pembeni kimya. Najua hutaamini hilo la kimya.

Kaka yako,
Lemuel

Saint Paul, 17 Machi 2019

Kaka Lemuel, na Dada Earline na kina mama wote wa kanisa mnaogawa mashairi ya Pasaka,

Natumaini mu wazima na Bwana anawatunza, maana leo mtahitaji kutunzwa.

Mmesikia habari za Jumamosi hizi. Mwanzoni Mama alikuwa akisinzia kabla Kezia hajamaliza mstari. Jana Kezia alisoma Zaburi nzima. Alikwama kwenye "bonde", akarudi nyuma, akalivuka. Na Kaka, aliyeahidi kukaa kimya, akasema "Amina", kisha akapenga kamasi karibu na simu. Nilisikia, Lemuel.

Sasa bahasha ya Dada Earline imefika. Mmempa mistari minne, ile ile ya mwaka jana, ambayo mwaka huu mtawapa pia watoto wa chekechea. Mmefanya hivyo kwa huruma. Huruma hiyo siitaki, nairudisha humu humu ndani ya bahasha.

Tunafika Ijumaa Kuu. Bi Shen anakuja nasi, kwa kuwa Kezia amemwalika. Mkimsalimia kwa Kiingereza hatajibu, na asiwepo wa kumwita mwenye majivuno. Mkalimani atakuwepo.

Mpeni huyo mkalimani shairi refu kuliko yote mliyo nayo, mpisheni mbele, kisha kaeni msikilize.

Mdogo wenu,
Odessa